Bibi wa Ganze aliniuliza maswali matatu kuhusu GMO na sikuwa na jibu hata moja

Hii ni hotuba niliyoitoa Kilifi Jumamosi, mbele ya watangazaji wa redio za jamii, walimu wa sayansi na viongozi wa vikundi vya wakulima. Wengi hamkuweza kufika kwa sababu ya mvua na barabara, mkaniomba niiweke, basi nimeiandika vile nilivyoisema. Picha za ukutani nimeziacha.

Wazee wetu, mama zetu, walimu, ndugu zangu watangazaji, hamjambo? Hamjambo tena? Haya, sasa nimewasikia.

Nianze na baraza moja. Januari 2023, miezi mitatu hivi baada ya serikali kuondoa marufuku ya GMO, yaani mimea iliyobadilishwa urithi wake maabara, niliitwa huko Ganze niongee na wakulima. Mimi ni afisa wa kilimo, kazi ya nyanjani nimeifanya miaka 19, na watu wa pale wananijua. Nikasimama chini ya mwembe nikasema yale niliyopewa kwenye karatasi: ni salama, wanasayansi wamepima, nchi nyingi wanakula, msiogope. Nikamaliza. Kimya. Na nyinyi watu wa redio mnakijua kile kimya cha baraza, sio kimya cha kukubali, ni kimya cha watu wanaokuheshimu tu na wanangoja uondoke waanze kuongea.

Halafu bibi mmoja akainuka, akajifunga leso vizuri, akaniambia, mwanangu nina maswali matatu. Mbegu hiyo nikivuna, naweza kuweka ya msimu ujao? Jirani akiipanda na mimi siitaki, upepo hautaniletea? Na ikiharibika, nani analipa?

Ndugu zangu, nilikuwa na karatasi ya kurasa nne mkononi na hakukuwa na jibu hata la swali moja kati ya hayo. Karatasi nzima ilikuwa inamjibu mtu ambaye hakuwepo pale. Ilikuwa inajibu habari ya kansa, na bibi hakuuliza kansa, bibi aliuliza mbegu, upepo na pesa. Nikamwambia nitarudi. Nilirudi nyumbani siku hiyo nina aibu, na aibu ile ndiyo imenileta mbele yenu leo.

Sasa tuanze na hili jina lenyewe. GMO. Nikiuliza hapa ndani, nani amekula kuku wa GMO? Naona mikono. Nani amenunua nyanya za GMO, zile kubwa ngumu zinakaa wiki mbili hazijaoza? Mikono tena. Jamani, kuku wa broila si GMO. Broila ni kuku aliyechaguliwa vizazi na vizazi, mkubwa anazalishwa na mkubwa mwenzake, basi. Na ile nyanya ngumu ni mbegu chotara. Hata mahindi ya Pwani Hybrid ambayo wengi wenu mmepanda si GMO, ni chotara, mama na baba tofauti wamekutanishwa mbelewele kwa ndevu, kazi ambayo Kitale wameifanya tangu miaka ya sitini. Siku hizi hata kijana akirefuka haraka tunamwita mtoto wa GMO. Neno limekuwa la kila kitu kinachokua haraka au kisichokuwa na ladha ya zamani.

Na kuna ile ya 1984. Wazee hapa mnaukumbuka ule ukame, mahindi ya manjano ya msaada, ugali una harufu, watoto wanaukataa. Mzee mmoja aliniambia kwa uchungu kabisa, sisi GMO tulilishwa zamani, 1984. Nikamwambia, mzee wangu, uchungu wako ni wa kweli na ule ugali kweli ulikuwa mbaya, lakini mahindi ya GMO yalianza kuuzwa kwa wakulima huko Marekani 1996, miaka 12 baadaye. Manjano ni rangi tu ya mahindi, kama kuku mweusi na kuku mweupe. Kwa nini nasema haya? Kwa sababu mtangazaji akiingia hewani akasema "leo tunaongea GMO", yeye anaongea kitu kimoja na msikilizaji anasikia broila, nyanya na mahindi ya njaa. Hamjaanza kuelewana na tayari mmegombana.

Basi GMO ni nini? Ni mmea uliowekewa jeni, yaani kipande cha urithi, au jeni yake imebadilishwa, kwa njia ya maabara ambayo haitokei kwa kuzaana tu shambani. Na hapa kwetu si mimea mia, hesabu vidole. Kuna pamba ya Bt, iliyowekewa jeni ya bakteria wa udongoni ili viwavi wasiile, baraza la mawaziri liliipitisha Desemba 2019. Kuna muhogo, mamlaka yetu ya usalama wa kibayolojia, ile tunaita NBA, iliuruhusu Juni 2021 uende kwenye majaribio ya kitaifa. Na kuna mahindi ya Bt, haya yasiyoliwa na funza. Hiyo ndiyo mitatu inayozungumzwa zaidi. Ukiniuliza "GMO ni salama?" ni kama umeniuliza "dawa ni salama?" Dawa gani? Ya nani? Kipimo gani?

Ngoja niwaonyeshe huu muhogo, kwa sababu huu ni wetu. Mama yuko jikoni, Ramadhani, saa tisa alasiri, anataka kupika muhogo wa nazi wa futari. Ameng'oa Kibandameno shambani kwake, kiazi kimenyooka, ganda zuri, ukikitazama nje hakina kasoro. Anamenya, anakata vipande, na kisu kinagota. Ndani kuna madoa ya kahawia, makavu, magumu kama kizibo cha chupa. Anakata upande wa pili, vilevile. Anachukua kiazi kingine. Cha tatu. Mwisho sufuria ina vipande vitano na ndoo ya taka imejaa. Mmeshaona hiyo? Nani hajaona? Huo ndio michirizi ya kahawia, ugonjwa ulioelezwa na wataalamu Tanganyika kule nyuma miaka ya 1930, unasambazwa na inzi weupe na kwa pingili tunazopeana sisi wenyewe majirani kwa upendo. Hauna dawa ya kupulizia. Na ubaya wake ni kwamba unauona siku ya kula.

Muhogo uliobadilishwa umewekewa kipande kidogo cha habari ya kile kirusi chenyewe, mmea unakitambua kirusi kikiingia na kukikatakata kabla hakijazaana. Ni kama mlinzi aliyepewa picha ya mwizi. Umejaribiwa kwenye mashamba yaliyofungwa, na Mtwapa hapa palikuwa mahali pamoja wapo. Watu wangapi hapa wanajua majaribio yalifanyika Mtwapa? Naona watatu. Ukumbi mzima. Mtwapa ni matatu moja tu kutoka hapa.

Mnaona sasa? Jambo linafanyika mlangoni kwako, hulijui, halafu siku moja unaletewa karatasi inasema usiogope. Wewe ungefanya nini? Mimi ningeogopa.

Nije kwenye usalama wenyewe, na hapa nitawasimulia mambo ambayo watu wa upande wangu hawapendi kuyasema. Wanahofia yakisemwa watu wataogopa zaidi. Mimi naona kinyume.

Miaka ya tisini kampuni moja ya mbegu Marekani ilitaka kuboresha soya ya chakula cha mifugo, wakachukua jeni kutoka kwenye njugu za Brazili. Wazo zuri. Lakini kuna watu wana aleji ya njugu hizo, aleji ya kuua. Basi kabla ya kuuza wakachukua damu ya watu wenye aleji hiyo wakaipima na ile soya mpya, na damu ikaitambua. Yaani aleji ilihama na jeni. Mradi ukasimamishwa, soya haikuuzwa, na matokeo yakachapishwa 1996 kila mtu asome. Wanaopinga wanaitumia hadithi hii kusema mnaona, GMO ni hatari. Wanaounga mkono wanaificha. Mimi nasema isimulieni yote, kwa sababu hiyo ndiyo maana ya kupima: mtu alitafuta hatari, akaiona, akafunga mlango.

Na kuna mara mlango ulifungwa vibaya. Marekani hukohuko, mahindi yaitwayo StarLink yaliruhusiwa kwa mifugo peke yake, sio binadamu, kwa sababu protini yake ilikuwa haijaondolewa shaka ya aleji. Septemba 2000 yakakutwa kwenye chapati za mahindi madukani. Mahindi ni mahindi, gunia likichanganywa na gunia nani atayatenganisha? Vyakula vikarudishwa kutoka kila kona ya nchi. Watu 28 waliodai kuumwa wakachunguzwa, waliotoa damu ikapimwa, na haikuonekana dalili kwamba ni ile protini. Kwa hivyo hakuna ushahidi mtu aliumia, lakini mpango wa kutenganisha ulifeli, na ulifeli kwenye nchi yenye maabara na maghala kuliko sisi. Sisi ambao hata kibandiko cha tarehe kwenye unga tunakuta kimebandikwa juu ya kingine! Sheria yetu ya vibandiko ya 2012 inasema chakula kikiwa na GMO zaidi ya asilimia 1 kiandikwe. Sawa. Lakini mama ananunua unga wa kupima kwa kopo, kibandiko kitabandikwa wapi, kwenye kopo? Hilo ni swali la haki kabisa, na mtu akikuuliza hewani usimwite mjinga.

Na Afrika Kusini. Wao wamepanda mahindi ya Bt tangu miaka ya tisini mwishoni. Ndani ya mmea kuna protini ya bakteria wa udongoni, funza akiila inatoboa tumbo lake, na tumbo letu sisi halina kile kishikio ambacho protini ile inakishika kwa funza. Mkulima aliambiwa kando ya shamba acha sehemu upande mahindi ya kawaida, ili funza wasiozoea wabaki na wazaane na wale wachache waliozoea, usugu usienee. Wengi hawakuacha. Nani anataka kupandia funza chakula? 2007 ikaripotiwa funza wa shina wameshakuwa sugu. Sasa fikirini mkulima wa Bamba mwenye ekari moja na nusu, umwambie atenge kipande kiliwe na funza. Mmemuuliza? Mmemweleza kwa nini? Hayo ndiyo maongezi ya usalama ninayoyataka redioni, sio kansa, kansa, kansa kila siku.

Burkina Faso nao nitawapitia haraka. Walianza pamba ya Bt 2008, viwavi wakapungua kweli, lakini nyuzi za pamba zikawa fupi, bei ikaumia, 2016 wakaacha. Haikumdhuru mtu. Iliumiza mfuko.

Sasa tuje kwa vile sisi Wakenya tulivyoambiwa habari hii, na hapa naomba watangazaji mnisikilize sana.

Mei 2000 Kenya ilikuwa nchi ya kwanza duniani kutia saini mkataba wa Cartagena wa usalama wa viumbe hivi. Ya kwanza! Na mkataba huo una kifungu cha 23, kinasema wananchi waelimishwe, wapewe habari, waulizwe maoni kabla ya uamuzi. Tulitia saini kabla ya wengine wote.

Halafu Septemba 2012 ukatoka utafiti wa Ufaransa, wa Séralini na wenzake, una picha za panya wenye uvimbe mkubwa kama mpira wa tenisi. Mnazikumbuka? Kama huzikumbuki ziko kwenye watsapu ya familia yako sasa hivi. Novemba 8 mwaka huohuo baraza la mawaziri likapiga marufuku kuingiza vyakula vya GMO. Wiki chache tu. Mwaka uliofuata, Novemba 2013, jarida lililouchapisha likauondoa, likasema si kwamba watafiti walidanganya, ila panya walikuwa 10 tu kwa kila kundi na aina ile ya panya hupata uvimbe wenyewe wakizeeka, kwa hivyo matokeo hayathibitishi kitu. 2014 watafiti wakauchapisha tena kwenye jarida lingine. Na hata mahindi yale yalikuwa aina ya kustahimili dawa ya magugu, siyo haya ya funza tunayozungumzia hapa. Sasa niwaulize, ni nani alirudi kijijini kuwaeleza watu hayo? Nani alikuja Ganze 2013 akasema, wazee, ile habari tuliyowaletea imebadilika, na imebadilika hivi na hivi? Hakuna. Picha ya panya ilikuja kwa pikipiki, maelezo hayakuja hata kwa miguu.

Miaka 10 ikapita. Oktoba 3, 2022, ukame umekaza, wanyama wanakufa, baraza la mawaziri likaondoa marufuku. Kwa taarifa. Asubuhi watu wameamka, jambo waliloambiwa miaka kumi ni sumu sasa ni ruhusa, na hakuna aliyeketi nao. Kisha Novemba waziri wa biashara wa wakati huo akasema hadharani kwamba ukiwa tu nchi hii wewe tayari ni mgombea wa kifo, vitu vingi vinaweza kukuua, kwa hivyo hakuna ubaya kuongeza GMO kwenye hiyo orodha. Huenda alidhani anachekesha. Ndugu zangu, mimi nilikuwa nyanjani wiki ile. Kazi ya miaka ilikwenda na sentensi moja. Mama mmoja sokoni aliniambia, si mkubwa wenu amesema mwenyewe itatuua?

Watu wakaenda mahakamani. Oktoba 2023 mahakama ya mazingira na ardhi ikatupa kesi moja, Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uingizaji mpaka rufaa isikizwe. Na wenzangu wengine wanalalamika, wanasema kesi zinachelewesha maendeleo. Mimi sikubaliani nao. Mtu asiyeulizwa barazani atauliza mahakamani.

Na msisahau tuna mpaka. Ukivuka Lunga Lunga tu, Tanzania mahindi kama haya yalijaribiwa Makutupora, Dodoma, kuanzia 2016, na Januari 2021 waziri wao wa kilimo akatangaza majaribio ya GMO yasimame. Mfanyabiashara wa Lunga Lunga ananiuliza, afisa, nani muongo kati yenu? Nikamwambia hakuna muongo lazima. Kuna swali la kwanza, je kitu hiki kinadhuru mwili? Hilo linajibiwa na vipimo. Na kuna swali la pili, je tunakitaka? Tutegemee mbegu ya kununua? Soko letu la nje litasemaje? Hilo halijibiwi na maabara, linajibiwa na wananchi na nchi mbili zinaweza kulijibu tofauti. Makosa yetu makubwa, sisi wataalamu, ni kumjibu mtu wa swali la pili kwa jibu la swali la kwanza. Anasema "siitaki", unamwambia "haina sumu". Hajasema ina sumu!

Na nyinyi watangazaji, mwaka 2004 huko Makueni na Kitui watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa sumukuvu, ile sumu ya ukungu, kwa mahindi ya kienyeji, ya shambani kwao, yaliyohifadhiwa na unyevu. Vipindi vingapi mmefanya juu ya kukausha mahindi mwaka huu? Siwalaumu, nauliza tu, kwa sababu hofu yetu haijakaa mahali kifo kilipo.

Sasa narudi kwa bibi, kama nilivyomuahidi.

Nilirudi Ganze baada ya wiki saba, bila karatasi. Nikamkuta anachambua mahindi yake ya mbegu, mdzihana, punje kwa punje, kwenye ungo, zile zilizotobolewa upande huu na nzima upande huu. Nikakaa kwenye kinu. Swali la kwanza nikamwambia hivi: mahindi haya yatauzwa kama chotara, ukiweka mbegu itaota, ile habari ya mbegu tasa haijawahi kuuzwa popote duniani, lakini msimu wa pili utavuna kidogo kama unavyojua kwa Pwani Hybrid. Muhogo ni tofauti, ni pingili, utakata na kupanda kama kawaida. Akatikisa kichwa, akaendelea kuchambua.

Swali la pili nikamwambia ndiyo. Upepo utaleta. Mahindi huzaana kwa upepo, ndiyo maana mashamba ya majaribio hutengwa mamia ya mita na mahindi mengine, na mkulima wa kawaida hana hizo mita. Jirani yako akipanda karibu na mkachanua pamoja, punje zingine kwenye mdzihana yako zitachukua jeni hiyo. Unaweza kupanda wiki tatu nne mbele au nyuma yake msichanue pamoja, lakini hapo unategemea mvua, na mvua hatuiamrishi. Akaacha kuchambua akanitazama. Akasema, wewe ndiye wa kwanza kuniambia ndiyo.

Niliposhindwa ni la tatu. Nilimwambia sheria yetu ya usalama wa kibayolojia ya 2009 ina adhabu, mtu akikiuka anaweza kupigwa faini mpaka milioni 20 au kifungo mpaka miaka 10. Akaniuliza, hiyo faini inakuja kwangu? Nikasema hapana, inaenda serikalini. Akasema, basi sikuuliza faini. Niliuliza nani ananilipa mimi.

Kwa hivyo, ndugu zangu, nimeandika barua kwa wanaohusika, nimeuliza kwa maneno yake yeye, neno kwa neno: mdzihana wa bibi ukichukua chavua ya jirani, na yeye hakutaka, anamwendea nani, na fomu iko wapi, na iko kwa Kiswahili? Na nimeomba jambo la pili, kwamba yale matangazo ya kuomba maoni ya wananchi yanayotoka gazetini kwa Kiingereza cha kitaalamu, yasomwe redioni, kwa Kiswahili na kwa Kigiriama, muda wa maoni haujaisha. Redio mbili zilizoko hapa zimeshanikubalia kusoma bila malipo, nawashukuru sana.

Jibu la barua halijaja. Likija nitalisoma hewani vile lilivyo, hata kama ni mstari mmoja, na kabla ya hapo nitapanda matatu ya Ganze nikamsomee yeye kwanza.